Oili Nyepesi ya Kiprop

Haji Makame alikuwa na mwaka wa sita akipika katika nyumba ya tajiri wake Mwarabu, Bu Rashid, kule Umm Salal nje ya Doha, na katika miaka yote hiyo hapakuwa na mtu aliyethubutu kutia ndani ya friza yake kitu kisicholiwa. Kwa hiyo asubuhi ile ya mwisho wa Desemba 2007, siku chache baada ya Idi ya Mfunguo Tatu, alipomkuta dereva Kiprop ameinama mbele ya friza akisogezasogeza mafungu ya nyama, alimaka. Mkononi Kiprop alikuwa na chupa mbili za jamu, na ndani yake kitu cha rangi ya dhahabu.

"Asali hiyo?" Haji aliuliza.

"Oili," Kiprop alijibu bila kugeuka. "Oili ya injini."

"Toba! Wewe mzee una wazimu? Humo mna nyama ya Idi, mna samaki wa Mama Rashid!"

"Nimezifunga na nailoni mara tatu, Haji. Niazime tu nafasi hapo chini mpaka kesho jioni. Zikimwagika, mwambie Bu Rashid anirudishe Kenya."

Haji alitaka kumnyang'anya chupa zile azitupe nje, lakini kuna namna Kiprop alivyoomba, polepole, kama mtu anayeomba maji ya kunywa, na mkono wa Haji ukasita. Akazifunga tena kwa mfuko wa nne, akaziweka kwenye kona peke yake, akafunga friza kwa kishindo ili ijulikane kuwa hakupendezwa.

Kiprop alikuwa mtu wa Timboroa, juu kabisa katika Bonde la Ufa, mahali ambapo nyasi za asubuhi huwa nyeupe kwa baridi. Alikuwa na miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye maneno machache. Kabla ya kuja Doha mwaka 2001 alikuwa ameendesha malori ya magogo miaka kumi na miwili. Katika nyumba ya Bu Rashid kazi yake ilikuwa kuwapeleka watoto shule na mama sokoni, na wengi walimwona ni dereva kama madereva wengine, ila tu alikuwa na tabia ya kufungua boneti kila siku hata gari likiwa halina ugonjwa.

Sababu ya chupa zile ilikuwa safari. Kila msimu wa baridi Bu Rashid huenda na vipanga wake wa kuwindia kupiga kambi jangwani, kusini mwa Doha, ambako baridi yake ni ya kuvaa sweta tu. Mwaka ule shemeji yake aliyeoa Saudia alimwita Turaif, kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Jordan. Bu Rashid aliamua kwenda kwa magari yake mwenyewe, Land Cruiser mbili na lori kuukuu la dizeli la kubebea mahema, maji na vyombo vya jikoni. Haji angekwenda kupika. Kiprop angeendesha gari la kwanza, Bu Rashid mwenyewe la pili, na Fabian, Mtanzania wa Bukoba, angeendesha lori lake kama kawaida.

Ilikuwa ni shemeji yule aliyesema kwa simu, kwa mzaha tu, kuwa huko maji ya ndoo yanaganda asubuhi. Wengine wote walicheka. Kiprop, aliyekuwa amesimama mlangoni akisubiri funguo, hakucheka.

Siku ya pili ya chupa kuwa ndani ya friza, baada ya sala ya alasiri, Kiprop alizitoa na kwenda nazo majlisi, chumba cha wageni, Haji nyuma yake na birika la kahawa. Bu Rashid alikuwa ameketi na Fabian akipanga mizigo ya lori. Kiprop aliomba radhi, akaziweka chupa juu ya sinia.

"Bosi," alisema kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, "hii ndiyo oili iliyo ndani ya magari yako leo. Na hii ni nyingine, mabaki ya kopo la mwisho la fundi mmoja. Zote zimelala kwenye friza."

Akaiinamisha ya kwanza. Oili haikutoka. Iling'ang'ania ubavuni mwa chupa kama ugali, halafu, baada ya muda mrefu, ikaanza kujivuta chini, nzito, uvivu mtupu. Akaiinamisha ya pili. Ile ikateremka yenyewe, si kama maji, lakini kama samli iliyoyeyuka nusu, ikafika mdomoni mwa chupa kabla ile ya kwanza haijafika katikati.

Haji alisahau kumimina kahawa. Yeye alikuwa mpishi. Mafuta aliyajua: mafuta ya nazi yaliyomgandia kila Januari, samli inayokuwa jiwe, asali isiyotoka kwenye kopo. Hakuwahi hata siku moja kufikiri kwamba ndani ya injini nako kuna kitu kinachoganda vilevile.

"Lakini nzito ndiyo inayolinda injini," Fabian alisema. "Huku Ghuba kila fundi atakwambia hivyo."

"Kwa joto la Doha wako sawa," Kiprop alisema. "Kopo lake limeandikwa 20W-50. Namba ya nyuma, hiyo hamsini, ni vile oili inakaa injini ikishapata moto. Namba ya mbele, iliyo na W, ni ya baridi. Kadiri ilivyo ndogo, ndivyo oili inavyotembea haraka asubuhi. Hii nyingine ni 5W-40. Injini ikiwa baridi, pampu inataka kuvuta oili kutoka chini ipeleke juu. Kama oili imekuwa kama hii ya kwanza, starta inalia, betri inakufa. Na hata injini ikiwaka, vyuma vya juu vinasagana vikavu."

Bu Rashid aliichukua chupa ya kwanza akaiinamisha mwenyewe, akaitazama kwa muda. "Turaif ni baridi kama friza ya Haji?"

Hapo Haji alitegemea Kiprop aseme ndiyo, maana angesema ndiyo mazungumzo yangeishia pale. Kiprop akatikisa kichwa.

"Hapana, bosi. Friza imezidi. Nimetaka muone vizuri tu. Huko labda itakuwa nusu ya hapa. Lakini nusu inatosha kutuacha porini."

Bu Rashid alicheka kwa sauti, akasema mtu anayepunguza hoja yake mwenyewe ni mtu wa kununuliwa oili. Akamwamuru akaitafute.

Kuitafuta haikuwa kazi ndogo. Haji alikwenda naye, maana alikuwa na viungo vya kununua, na walizunguka maduka ya vipuri ya eneo la viwanda tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kila muuzaji alitoa 20W-50. Mmoja alicheka mpaka akakaa chini: oili ya baridi, Doha? Kiprop hakukasirika wala hakubishana. Aliaga vizuri, akaingia duka la pili. Katika duka la sita Mhindi mmoja mzee wa Kerala alipanda ngazi, akateremsha makopo yaliyojaa vumbi. Kiprop aliyageuza moja moja, akasoma maandishi madogo ya nyuma, akakagua vifuniko kama vimeguswa. Haji alimtazama akaona ndivyo yeye mwenyewe anavyochagua pweza sokoni, jicho na kidole pamoja, na kwa mara ya kwanza akahisi huyu mtu ana ufundi unaofanana na wake.

Lililobaki ni lori. Fabian alikataa katakata lisiguswe. Alisema injini ile ni ya zamani, sili yake ya nyuma imechoka, oili nyepesi itavuja yote kabla hawajafika mpakani. Haji alidhani sasa pataanza ugomvi. Kiprop alichukua tochi, akaingia chini ya lori, akakaa huko karibu robo saa. Alipotoka alikuwa na alama nyeusi usoni.

"Fabian amesema kweli," alisema. "Ningekuwa mimi, pia ningeacha nzito. Hili tutalipikia."

"Tutalipikia?" Fabian aliuliza.

"Haji ataniazima sufuria."

Walifika siku ya pili ya safari. Kabla ya kuingia jangwani, Kiprop alimshauri Fabian alimalize dizeli aliyokuja nayo na kujaza ya pale pale Turaif, maana wenyeji wa baridi huuza dizeli isiyoganda. Fabian safari hii alifuata bila neno.

Baridi ile Haji hakuwahi kuiota. Januari hiyo ilikuwa kali hata kwa wenyeji. Asubuhi ya kwanza kambini kipimajoto cha Bu Rashid kilionyesha nyuzi saba chini ya sifuri. Nyanya zikawa kama kokoto. Haji alivaa soksi mikononi, akapuliza moto huku machozi yakimtoka, akisikiliza. Kiprop aliingia gari la kwanza, akageuza ufunguo. Injini ikashika. Akaenda la pili, likashika. Haikuwa kelele kubwa, ilikuwa mngurumo wa kawaida tu, lakini Haji alijikuta ameinua mikono yake yenye soksi akishangilia.

Lori likapikiwa kweli. Jioni iliyotangulia, injini yake ikiwa bado ya moto, Kiprop alikuwa amelala chini yake, akafungua nati, akaimwaga oili yote ndani ya debe safi. Debe lile lililala ndani ya hema la jikoni. Asubuhi akaimimina oili kwenye sufuria kuukuu ya Haji na kuiweka kando ya makaa, mbali na ndimi za moto, akiikoroga kwa mti na kuigusa kwa kidole kama mama anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Ilipokuwa vuguvugu akaimimina tena kwenye injini. Fabian akapiga starta, lori likakohoa mara mbili, likawaka.

"Kwa nini usiwashe moto tu chini ya injini?" Haji alimuuliza. "Si ni haraka zaidi?"

Kiprop alikaza kifuniko cha oili. "Niliwasha, Timboroa, mwaka wa themanini na tisa. Lori lote liliungua, na magogo yake. Mwenye lori hakunitukana wala hakunifukuza. Alinipa lori lingine kesho yake." Akafuta mikono. "Ndio nikaanza kujifunza oili."

Ilikuwa asubuhi ya nne, jua halijatoka, Haji akichemsha maziwa, aliposikia mtu anakuja mbio na kuita. Alikuwa kijana wa kambi ya jirani, kama nusu kilomita hivi kutoka kwao, hana viatu, mguu mmoja unatoka damu. Ndugu zake wawili walikuwa wamelala na jiko la makaa ndani ya hema lililofungwa. Mmoja alikuwa anatapika na hawezi kusimama, mwingine haamki kabisa. Walikuwa na magari matatu, na hakuna hata moja lililowaka. Kwa utulivu wa jangwa Haji aliweza kuyasikia: starta ya mbali ikilalama, ikikokota, ikinyamaza.

Kiprop alikuwa tayari ndani ya gari. Haji akarukia kiti cha nyuma bila kuambiwa, yule kijana na Bu Rashid wakaingia. Ufunguo ukageuka, injini ikashika papo hapo. Lakini gari halikuondoka.

"Nenda!" kijana alipiga kelele. "Nenda, nenda!"

Kiprop aliinua kidole kimoja. Macho yake yalikuwa kwenye taa nyekundu ya oili. Taa ilizimika. Akahesabu kimyakimya, midomo ikicheza, labda mpaka kumi. Haji alihisi kila namba ni mwaka. Kisha gari likaondoka, laini, likachukua kasi, na kutoka hapo halikusimama ila kuwachukua wagonjwa.

"Fungua vioo vyote," Kiprop alisema.

"Watakufa kwa baridi!"

"Wanataka hewa, Haji. Wafunike na mablanketi, lakini vioo fungua."

Ilikuwa mwendo wa kilomita arobaini mpaka hospitali ya mjini, nusu yake kwenye mawe. Haji alikuwa amekipakata kichwa cha yule asiyeamka, kijana wa miaka ishirini na kitu, ndevu changa, midomo imekuwa rangi isiyo ya mtu. Upepo uliingia kama visu. Alimsomea dua zote alizojua. Mbele aliona shingo ya Kiprop tu, imetulia, na mikono yake ikizungusha usukani kidogo kidogo, ikitafuta njia laini kati ya mawe, bila kupiga breki ya ghafla hata mara moja ili kichwa kile kisirushwe. Karibu na lami kijana alivuta pumzi ndefu yenye mkoromo. Haji alilia waziwazi, wala hakuona aibu.

Hospitalini waliwekewa oksijeni wote wawili. Daktari, Mmisri mwenye usingizi machoni, alitoka baada ya saa moja na kuwaambia kuwa wamewahi, na kwamba wote watapona. Kijana aliyekuja mbio alimkumbatia Kiprop mpaka kofia ikaanguka. Kiprop alimpigapiga mgongo, akamuuliza kama ule mguu umeoshwa.

Haji alidhani siku hiyo Kiprop angepumzika. Waliporudi kambini, alikunywa chai akiwa amesimama, akachukua debe na sufuria, akaelekea kambi ya jirani. Fabian akamfuata amebeba spana. Haji naye akaenda, chakula cha mchana kikamngoja.

Magari yale matatu yalikuwa mapya kuliko yao, yanang'aa, na ndani yake mna oili nzito ya majira ya joto. Kiprop hakusema lolote la kuwaaibisha wenyewe. Alifungua gari la kwanza, akaonyesha Fabian jinsi ya kukinga, Haji akapewa kazi ya kukoroga, maana, Kiprop alisema, mpishi anajua moto kuliko dereva. Oili ilitoka kama lami. Makaa yalipoichangamsha ikalegea, ikaanza kuzunguka mti, na Haji akaijua kwa mkono kabla ya kuambiwa.

"Bado kidogo," alisema.

"Wewe ndiye unajua," Kiprop alijibu.

Mpaka alasiri magari yote matatu yalikuwa yananguruma. Baba wa wale vijana, mtu mzima mwenye joho la manyoya, alimuuliza Kiprop atie oili gani siku nyingine. Kiprop alirarua kipande cha boksi la majani ya chai, akamwandikia kwa tarakimu kubwa, akamweleza namba ya mbele na namba ya nyuma kwa subira ile ile aliyoitumia majlisi, na kumshauri kwanza atazame kitabu cha gari kinasemaje, asimwamini dereva tu. Yule mzee alikikunja kile kipande cha boksi na kukitia mfuko wa kifuani.

Usiku huo Bu Rashid aliwaita wote watatu wale naye sinia moja, jambo ambalo si kila siku hutokea. Alimkatia Kiprop nyama ya shingo kwa mkono wake. Kiprop alikula, na alipobanwa aseme neno, alisema wali wa Haji umeiva vizuri kuliko jana. Ni kweli ulikuwa umeiva vizuri kuliko jana.

Njiani kurudi Doha Haji hakukaa tena nyuma na masanduku. Alikaa mbele, kando ya Kiprop, na kwa saa nyingi akatazama tu: jicho la dereva likienda kioo cha pembeni, kwenye geji, barabarani, likirudi. Miaka sita walikula jikoni kwake, na alimjua huyu mtu kuwa anapenda chai isiyo na sukari, basi. Walipovuka mpaka wa Abu Samra, Doha ikiwa karibu, alikohoa.

"Mzee Kiprop, mtu wa umri wangu anaweza kujifunza gari?"

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini na nane."

"Mimi mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa na sitini," Kiprop alisema. "Lakini nikikufundisha mimi, usinifanyie haraka."

"Sifanyi haraka."

Wakaanza Februari, kila Ijumaa baada ya sala, kwenye uwanja mtupu nyuma ya mashamba ya Umm Salal. Haji alikuja Ijumaa ya kwanza amevaa shati la kupigwa pasi na miwani ya jua. Kiprop alimpa kipande cha turubai na kumwonyesha chini ya gari. Ijumaa ya kwanza alijifunza majina ya vitu vya chini. Ya pili, majina ya vitu vya juu. Ya tatu alimwaga oili peke yake, ikamtiririkia mpaka kwenye kiwiko, akaitia mpya, akaisoma stiki ya kupimia, akaifuta, akaisoma tena. Machi ilikuwa inakaribia na bado hajashika usukani. Fabian alipita na lori lake, akapunguza mwendo, akamcheka kwa honi.

Haji alimpungia mkono mweusi tii kwa oili, akarudi chini ya gari, ambako Kiprop alikuwa amelala kando yake akinyoosha kidole, akimweleza kitu kingine.